Jibu: Kamba ya tyubu kushikilia betri, inatosha?

Hapana mkuu, kishikio cha betri kikioza kwa kutu usitegemee kamba ya tyubu, hasa kwa njia za Umalila, huku Mbeya, zenye mashimo. Mpira ukipata joto la injini unalegea, betri inacheza, na kichwa cha chanya (pale waya wa + unapofungwa) kikigusa boneti ni shoti. Gari linaungua hivi hivi.

Nenda kwa mafundi wa kuchomelea Mwanjelwa wakukatie chuma bapa cha kupita juu ya betri, kitobolewe pande mbili. Nondo laini za milimita 6 zipite kwenye matundu hayo, zikunjwe ndoano chini, juu zikatwe meno ya nati. Tyubu usiitupe! Ivishe chuma chote, kisiguse vichwa. Kaza hadi betri isitikisike, usizidishe, ganda litapasuka. Waya wa hasi utangulie kufunguliwa, urudishwe mwisho.