Hedifoni za mgongo wazi kwa kusikilizia nyumbani

Ndugu yangu wa Nkuhungu, Dodoma, umeuliza kama hedifoni za mgongo wazi zitakufaa kusikilizia muziki usiku kwa kutumia simu tu. Kwanza fikiria anayelala karibu nawe, kwa kuwa vikombe vya hedifoni hizi, vile vinavyofunika masikio, vina matundu kwa nyuma na muziki hutoka nje kwa urahisi uleule ambao kelele huingia. Ikiwa unalala chumba kimoja na mtoto, chagua zilizofungwa mgongo. Kama una chumba chako, usisite hata kidogo, maana katika rekodi za marehemu Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, utasikia vyuma vya ilimba, ala ya kupigwa kwa vidole gumba, vikidunda kando ya zeze la nyuzi, kila ala mahali pake, na hilo zilizofungwa hulitoa kwa shida.

Kisha tazama ukinzani, yaani jinsi hedifoni inavyozuia umeme unaotoka kwenye simu, unaopimwa kwa omu. Philips SHP9500 ina omu 32, hivyo simu yenye tundu la waya huiendesha vizuri, ilhali Sennheiser HD 600, ambayo binafsi naipenda zaidi, ina omu 300 na inastahili amplifaya, kifaa cha kukuza sauti. Besi nzito usiitarajie kwa yoyote kati ya hizo. Vumbi letu la kiangazi hupenya matundu hayo, kwa hiyo ukimaliza zihifadhi kwenye mfuko wa kitambaa.