Barua zimehama, vichujio vimebaki: majibu ya maswali yenu

Ofisini kwetu Makole nimepewa kompyuta mpya. Thunderbird (programu ya barua pepe) ya zamani ina barua za miaka saba, akaunti ya POP, yaani ile inayoshusha barua kwenye kompyuta. Nibebe nini?

Beba folda nzima ya profaili, yaani yenye barua na mipangilio yako yote. Bofya Help, kisha Troubleshooting Information, halafu Open Folder kwenye mstari wa Profile Folder. Funga Thunderbird kabla ya kunakili, la sivyo faili zinaweza kuharibika. Kwenye kompyuta mpya sakinisha toleo lilelile au jipya zaidi, kwa kuwa toleo la nyuma hukataa profaili iliyotumiwa na la mbele. Fungua profaili yake kwa njia ileile, funga programu, futa vilivyomo, bandika vyako. Faili iitwayo Inbox, isiyo na kiambishi, ndiyo yenye barua zenyewe. Inbox.msf ni faharasa tu. Hata ikipotea hujengwa upya.

Flashi yangu ina GB 32 tupu, lakini Inbox inagoma kuingia. (Kongwa)

Flashi hiyo imefomatiwa kwa FAT32, mfumo wa kupanga faili ambao haupokei faili moja inayofika GB 4. Ifomati kuwa exFAT, ukishatoa vilivyomo maana vitafutika. Ila anza na Compact kwenye folda ya Inbox: barua ulizofuta bado zimelala ndani ya faili mpaka ufanye hivyo, na huenda ikapungua sana.

Niliunda akaunti upya, nikanakili msgFilterRules.dat, faili ya vichujio (kanuni zinazohamishia barua kwenye folda zake). Vichujio naviona, lakini barua hazihami. (Singida)

Hili linasumbua wengi. Kila akaunti ina faili yake ya vichujio, na ndani yake kila folda lengwa imeandikwa kwa anwani kamili. Funga Thunderbird, fungua faili hiyo kwa Notepad, utaona mistari ya namna hii:

action="Move to folder"
actionValue="imap://jina%40mfano.tz@seva.zamani/Ankara"

Jina au seva ikibadilika, anwani hiyo haielekei popote. Tumia Replace kubadilisha sehemu ya seva na jina kote, na uache %40 ilivyo, kwani inasimama badala ya @. Folda ya Ankara lazima iwepo tayari, kwa herufi zilezile. Weka nakala ya faili kabla hujaigusa, kisha hakiki kama kila kichujio kimewekewa tiki.

Natoka Outlook kwenda Thunderbird. Faili ya .pst (ghala la barua za Outlook) inatosha? (Chamwino)

Peke yake haitoshi. Thunderbird huingiza barua za Outlook pale tu Outlook yenyewe imesakinishwa kwenye Windows hiyohiyo. Njia ninayoiamini zaidi ni IMAP, mfumo unaoweka barua kwenye seva: ndani ya Outlook buruta folda kuingia kwenye akaunti ya IMAP, kidogo kidogo, kisha Thunderbird izishushe. Angalia nafasi ya sanduku kwenye seva, na bando pia: GB 6 zikipanda na kushuka ni GB 12.

Kanuni za Outlook hutoka kama faili ya .rwz, na Thunderbird haiisomi. Piga picha kila kanuni ingali wazi kwenye skrini, uziandike upya kwa mkono. Outlook usiiondoe mpaka umelinganisha idadi ya barua, folda kwa folda.