Madishi ya Ngomeni yafanyia nani kazi?

SWALI: Salamu ami. Mi mvuvi wa Ngomeni, karibu na Malindi, Kenya, kila nikitoka na ngalawa nayaona yale madishi ya Waitaliano. Kijana wangu ati yanapokea data za setelaiti ya Marekani, tena kompyuta za nchi mbalimbali huweza kugawana kazi. Ananichezea?

JIBU: Hakuchezei wallahi. Swift, setelaiti ya NASA (shirika la anga la Marekani) iliyorushwa 2004, yateremsha data hapo kwenu, maana mko karibu na ikweta na yapita juu mara kadhaa kwa siku. Hata setelaiti iitwayo Uhuru ilirushiwa hapo baharini, 12 Desemba 1970!

Hiyo ya kompyuta yaitwa gridi. Kila shirika labaki na mashini zake na masharti yake, ila kuna programu ya katikati inayotazama ipi iko bure ikaipa kazi, na wewe unaingia kwa cheti cha kidijitali kimoja tu, sio paswedi kumi. Picha kubwa ya bahari yakatwa vipande, kimoja Italia, kingine Ujerumani, halafu majibu yaunganishwa. Taabu ni data zenyewe, nzito kama nyavu zilizojaa, kwa hivyo mara nyingi programu ndo yatumwa ziliko.