Homa ya ghafla na kohozi lenye damu: usianze na amoksi

Hapa Ujiji mtu akikohoa wiki mbili, hata mama muuza dagaa atamwambia akapime TB. Vizuri. Kuna kikohozi kingine lakini, kisichompa mtu hizo wiki mbili: tauni ya mapafu.

Ni nadra, na katika uuguzi wangu wote huku Kigoma sijampokea mgonjwa wake. Hata hivyo Lushoto iliwatesa watu miaka mingi kuanzia 1980, Ituri kule Kongo bado ipo, na Madagaska mwaka 2017 walipata wagonjwa zaidi ya 2,000, wengi wao wa mapafu. Kwa hiyo nauliza.

Juzi mzee mmoja kaja kashika kifua: "Binti yangu, nipe amoksi tu." Shikamoo baba, kohozi lina rangi gani? Umetoka safari? Nyumbani panya wanakufa? Akacheka mpaka akakohoa: "Panya na kifua changu wapi na wapi!"

Wanahusika. Panya wakifa kwa mkupuo, viroboto wao hutafuta damu kwingine. Anayeng'atwa mara nyingi huanza na homa na mtoki kinenani au kwapani. Vijidudu vikishuka mapafuni, anawaambukiza walio karibu kwa kukohoa tu, kiroboto hahitajiki tena. Homa hupanda ghafla, kifua kinabana, kohozi jepesi linatoka na damu, pumzi inakata. Kipimo cha malaria kikisoma chanya kisikutulize. Mtu anaweza kuwa na vyote viwili.

Mzee wangu alikuwa na nimonia ya kawaida. Ingekuwa tauni, amoksi isingemfaa kitu. Dawa zake ni sindano za streptomaisini au jentamaisini, au siprofloksasini na doksisaikilini, zianze ndani ya saa 24 tangu dalili zijitokeze. Akichelewa, kupona ni bahati. Kohozi na damu vichukuliwe kabla ya dozi ya kwanza, ila majibu yasisubiriwe. Mgonjwa avae barakoa na akae chumba chake. Waliomuuguza kwa karibu nao hupewa doksisaikilini siku 7, hata kama hawaumwi.

Na ukikuta panya wamekufa ovyo nyumbani, usikimbilie sumu ya panya. Ukiwamaliza waliobaki viroboto wakiwa hai, watahamia kwenu. Ianze dawa ya viroboto, mizoga usiiguse kwa mkono mtupu, na bwana afya aambiwe siku hiyo hiyo.