Maswali ya Wasomaji: Mandolini Kongwe na za Ajabu

Ndugu mhariri, nimerithi mandolini, ala ndogo ya nyuzi nane, yenye mgongo wa bakuli. Nimeifunga nyuzi mpya, seti inayoanzia 0.011. Wiki mbili baadaye nyuzi zimeinuka mbali na freti (vyuma vinavyokatiza shingo), na ubao wa mbele umebonyea. Nimeiharibu?

Legeza nyuzi zote leo hii, kila ufunguo kidogo kidogo kwa zamu, usimalize upande mmoja kwanza. Ikiwahiwa, mara nyingi inapona.

Seti ya 0.011 imekusudiwa mandolini za Kimarekani zenye ubao uliochongwa kwa tao. Yako ni ya mtindo wa Napoli, na ubao wake ni mwembamba. Namba hiyo ni unene wa uzi wa E (herufi ni jina la noti yake), ulio mwembamba kuliko zote, kwa inchi, sawa na milimita 0.28. Uzi ukiongezeka unene, mvuto hupanda kwa mraba wake, na hapo ndipo watu hukosea hesabu. Kwenye ala yenye nyuzi za sentimita 33, E ya 0.009 huvuta kama kilo 6.2, ya 0.011 huvuta zaidi ya kilo 9. Zidisha kwa nyuzi nane uone mzigo uliouweka.

Nunua seti nyepesi kabisa: E 0.009, A 0.013, D karibu 0.020 na G karibu 0.032. Muuzaji akikwambia "nyepesi" bila kutaja namba, mwombe namba.

Kabla ya kufunga, kagua mambo mawili. Kwanza ubao wa mbele. Mandolini za Napoli zina mkunjo wa makusudi, mstari ulionyooka unaokatiza ubao nyuma kidogo ya daraja, kile kipande kinachobeba nyuzi juu ya ubao. Huo si ugonjwa. Ugonjwa ni bonde kati ya daraja na tundu la sauti. Gonga hapo taratibu kwa kifundo cha kidole: ukisikia mtetemo mkavu kama wa kitu kilicholegea, kuna mwimo wa ndani (ufito wa kuimarisha ubao) ulioachia gundi, na fundi aubandike kwanza.

Pili shingo. Laza rula ya chuma juu ya freti, toka ya kwanza hadi pale shingo inapokutana na mwili. Mwanya mdogo katikati, milimita 0.1 au 0.2, ni sawa. Kadi ya benki ikipita chini ya rula, shingo imepinda. Usihangaike kutafuta skrubu ya kuinyoosha. Ala hizi kongwe hazina chuma cha kurekebisha ndani ya shingo.

Yangu ina funguo 12. Mmoja anasema ni gitaa dogo, mwingine mandolini. Niityuni vipi?

Usihesabu funguo, angalia jinsi nyuzi zinavyojipanga kwenye mikato ya kichwani, pale zinapopita kuingia shingoni. Makundi manne ya nyuzi tatu tatu ni mandriola: G D A E kama mandolini ya kawaida, ila kila sauti ina nyuzi tatu badala ya mbili.

Makundi sita ya mbili mbili ni habari nyingine. Kama daraja limegundishwa kwenye ubao kama la gitaa, huenda unayo mandolini ya Milano, inayotyuniwa G B E A D G kutoka chini kwenda juu. Asili yake ni nyuzi za utumbo, kwa hiyo leo funga za nailoni. Nyuzi za chuma zitang'oa daraja, pengine na kipande cha ubao. Ziko pia za Milano zenye nyuzi sita moja moja, na kanuni ni ileile.

Makundi matano ya mbili mbili kwa kawaida ni C G D A E.

Bado una shaka? Pima kutoka mikato ya kichwani hadi freti ya 12, kisha zidisha kwa mbili. Sentimita 33 hadi 36 ni mandolini. Karibu 42 ni mandola, C G D A. Kuanzia 50 hadi 58 ni mandolini ya oktava, G D A E oktava moja chini. Ikizidi 60 huenda ni mandoselo, nayo ni C G D A, oktava moja chini ya mandola. Nyuzi za mandolini ukizifunga kwenye ala ya oktava hazitafika sauti ya mandolini; E itakatika njiani.

Nyuzi wazi zinapatana vizuri kwenye tyuna, lakini nikipanda freti za juu kila kitu kinachacha.

Daraja limehama. Kwenye mandolini nyingi halikugundishwa, linashikwa na mvuto wa nyuzi tu, na anayetoa nyuzi zote kwa pamoja hulipoteza mahali pake. Badilisha uzi mmoja mmoja, au weka alama kwa utepe wa karatasi kabla ya kuanza.

Kulirudisha: gusa uzi wa E juu ya freti ya 12 bila kuubonyeza, upate hamoniki, sauti nyembamba kama ya filimbi, kisha ubonyeze hapohapo. Sauti ya kubonyeza ikiwa juu zaidi, sogeza daraja kuelekea mkiani. Ikiwa chini, lielekeze kwenye shingo. Fanya hivyo kwa G pia. Usishangae upande wa G ukikaa nyuma kidogo kuliko wa E. Legeza nyuzi kabla ya kusukuma, nusu milimita kwa wakati.

Ukityuni jozi, ziba uzi mmoja kwa kidole, panda na mwenzake kutoka chini hadi sauti yake, ndipo uachie wa pili na kuusogeza hadi mawimbi ya sauti yaishe.

Nimeuziwa nyuzi zenye kijipete cha shaba mwishoni, na ala yangu ina ndoano.

Vunja kijipete kwa koleo la kukatia waya, ukibaki na kitanzi. Kata shaba tu, usiguse msokoto wa waya, na vaa miwani.

Ndani kuna lebo ya Gibson yenye sahihi ya Lloyd Loar. Tundu la sauti ni la mviringo. Ni ya kweli?

Tilia shaka. Loar, mbunifu wa ala katika kampuni ya Kimarekani ya Gibson, alitia sahihi ala za mfululizo wa 5, kama mandolini ya F-5 iliyotoka 1922, nazo zina matundu ya umbo la herufi f. Aliondoka Gibson 1924. Lebo hubandikwa na yeyote, kwa hiyo chukua kioo kidogo na tochi usome namba ya kiwandani kwenye gogo la ndani shingo inapoingilia, kisha ulinganishe mwaka inaouonyesha na ule wa namba ya lebo; namba zenyewe si lazima zifanane. Kifuniko kidogo kichwani, kinachoficha nati ya chuma cha shingo, kilianza mwanzoni mwa miaka ya 1920; lebo ikidai 1910 na kifuniko kipo, kimoja kati yao si cha ala hiyo. Kwa sasa usiipake vanishi mpya wala kuisugua, kwa sababu rangi ya asili ikiondoka thamani nayo huondoka, hata kama sahihi ni ya uongo.