Shangazi, kaka alileta jeneza mlangoni kwetu, na Jumapili ni mchujo

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, nipo Mtama, mkoani Lindi. Mume wangu na kaka yangu wa tumbo moja wanashabikia timu mbili za hapa kwetu, watani wa jadi tangu sisi hatujazaliwa. Miaka yote wametaniana vizuri tu. Mpira wanaangalia kibanda umiza kimoja, anayefungwa ananunua karanga. Mama mkwe wangu alipofariki mwaka huu, kaka ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika jembe makaburini.

Siku 19 baada ya mazishi, timu ya kaka ikaifunga ya mume wangu 3-1. Jioni mashabiki wao wakapita mtaani na ngoma, wamebeba jeneza la maboksi lililofunikwa shuka jeupe, juu yake jezi ya timu ya mume wangu. Wakalitua mlangoni kwetu. Kaka alikuwa mbele yao, analia kilio cha uongo. Mume wangu alisimama mlangoni, hakusema neno, akageuka akaingia ndani. Watu walicheka. Hata mimi nilicheka kidogo kabla sijamwangalia usoni.

Tangu siku ile hawasalimiani. Sasa timu zote mbili zinakutana kwenye mchujo Jumapili saa 10 alasiri, mshindi anapanda kwenda ligi ya mkoa. Na Jumapili hiyohiyo asubuhi mwanangu wa kwanza anatoka jandoni. Kwetu mjomba ndiye anayembeba mwali begani. Mume anasema kaka asikanyage. Anasema pia timu yake ikishinda atampelekea jeneza la mbao kabisa, fundi ameshapewa hela. Na juzi nimegundua kuwa mbuzi wa ngoma, tuliyemnunua kwa hela ya ufuta, amemwekea dau na shabiki mmoja wa upande wa pili.

Nimwambie kaka asije? Nimebaki kama mstari wa katikati ya uwanja, kila mtu ananikanyaga.

Mstari wa Kati, Mtama

* * *

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mpira. Mara ya pili nikaona siku 19, na mpira wenyewe ukapotea machoni pangu.

Siku 19 ni kabla ya arobaini. Nyumba hiyo bado ilikuwa na watu wanaokuja kutoa pole wakiwa wamechelewa. Kanga za marehemu zilikuwa hazijagawiwa, sijui kama hata kitanda chake kilikuwa kimeondolewa chumbani. Mumeo anasikia ngoma, anafungua mlango, anakuta shuka jeupe juu ya jeneza na shemeji yake analia. Jezi iliyokuwa juu yake nadhani aliiona baadaye.

Lakini kaka yako sitamhukumu haraka. Najua alichofikiri, maana nami nimekulia Kusini. Shemeji ni mtani, na mtani ana ruhusa ambazo mtu mwingine hana. Nimeona msibani mtani akiizuia njia ya jeneza mpaka apewe hela, nimeona mtani akivaa kofia ya marehemu na kutembea kama yeye, waliokuwa wanalia wakacheka huku machozi yakitiririka, na hakuna aliyekasirika. Kwa hiyo kaka yako akiulizwa atasema, "Mimi ni shemeji bwana, ule ulikuwa utani." Na hatakuwa anadanganya.

Alichosahau ni kwamba ile ruhusa inatolewa kwa kazi. Mtani anayeigiza marehemu ndiye aliyeteka maji, ndiye aliyechimba. Kaka yako alichimba. Siku ya mazishi angeweza kulala juu ya lile shimo akadai hela ya soda, na mumeo angempa. Lakini siku ile ya 3-1 hakuja peke yake. Alikuja na mtaa mzima wa watu wenye ngoma ambao hawakushika jembe, wengi wao hata jina la yule mama hawalijui. Haki ya utani ilikuwa ya mtu mmoja, yeye akaigawa kwa kundi. Hapo ndipo ilipomchoma mumeo, na ndiyo maana hakuweza kutukana wala kucheka. Kundi huwezi kulitania.

Mpira una neno hilohilo, tunalitumia kila siku bila kulifikiria. Watani wa jadi. Hatusemi maadui wa jadi. Simba na Yanga ndio wanaoitwa hivyo nchi nzima, na ukifuatilia utakuta ni watoto wa nyumba moja: Yanga ilianza mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wakajitoa wakaanzisha timu yao, ambayo baadaye ikaitwa Sunderland, na mwaka 1971 ndipo ikaitwa Simba. Tangu hapo wanachekana. Simba walipowafunga Yanga 5-0 Mei 2012, Yanga walikaa na mkono ule kifuani miaka kumi na moja, mpaka Novemba 2023 walipowarudishia 5-1. Wiki ile nilikwenda kununua samaki hapa Mtwara, muuzaji mmoja Yanga akamhesabia mama mmoja wa Simba vibua vitano polepole, kimoja kimoja, kwa sauti, huku vidole vikipanda. Yule mama akachukua samaki, akamwambia, "Na hela yako nitakuletea siku tutakayowafunga." Akaondoka kweli bila kulipa! Kesho yake nikamkuta palepale wakigombana bei. Huo ndio utani ninaoufahamu mimi, unauma kidogo na kesho mnauziana tena.

Hata sisi huku. Msimu wa 2019/20 Ndanda yetu ya Mtwara na Namungo ya Ruangwa walikuwa pamoja Ligi Kuu, na ubishi ulikuwepo. Ndanda wakashuka daraja mwisho wa msimu ule. Namungo wao wakafika fainali ya Kombe la Shirikisho kule Sumbawanga, wakafungwa na Simba 2-1. Nina jirani, mwana Kuchele wa kufa, yaani shabiki wa Ndanda, aliyekuwa akisema Ruangwa hakuna mpira, kuna vumbi tu. Siku ya fainali alikaa mbele ya televisheni dakika zote tisini akiita Namungo "vijana wetu". Nilipomkumbusha lile vumbi akanifukuza kwake.

Haya, turudi nyumbani kwako.

Umeandika sentensi moja ukaipita haraka kama mtu anayekanyaga kaa la moto: "Hata mimi nilicheka kidogo." Mwanangu, nadhani mumeo aliisikia hiyo sauti kuliko ngoma zote. Umeniambia hasalimiani na kaka yako. Hukuniambia jinsi anavyoongea na wewe. Na mimi najiuliza kwa nini mtu anayekasirikia jeneza achukue mbuzi wa ngoma ya mwanawe mwenyewe amwekee dau bila kukwambia. Mtu anayefanya hivyo ameacha kushauriana na mkewe.

Kwa hiyo kazi ya kwanza si kwenda kwa kaka yako. Ni kuzungumza na mumeo, leo, watoto wakishalala, na usianze na Jumapili. Usitaje jando wala mbuzi. Mwambie, "Siku ile nilicheka, na mama alikuwa hajafika arobaini. Nisamehe." Halafu nyamaza. Hapo wengi wetu huharibu, tunaomba radhi halafu tunaongeza "lakini na wewe". Akikaa kimya, kaa naye kimya. Akitoka nje, mwache atoke, atarudi. Usimtetee kaka yako usiku huo hata kwa neno moja, maana ukimtetea atajua radhi ilikuwa ngazi ya kupandia.

Kazi ya pili ni ya kaka, na hiyo si yako kuibeba. Wewe unapeleka habari tu. Mwambie hesabu: siku 19. Nina wasiwasi hajawahi kuihesabu. Wanaume wa mpira wanakumbuka dakika ya goli la mwaka 2012 na hawakumbuki tarehe ya msiba wa juzi. Akishaelewa, asipige simu, asitume ujumbe wa WhatsApp wenye mikono miwili iliyofumbatwa, na kwa jina la Mungu asimwendee mumeo kibanda umiza mbele za watu. Achukue jembe lilelile. Majani ya masika sasa yamekauka, na kaburi lile linahitaji kusafishwa. Aende alfajiri ya Ijumaa alilimie, alifagie, arudi kwake. Mtu atamwona, Mtama si Dar es Salaam, na kabla ya swala ya Ijumaa mumeo atakuwa ameambiwa.

Jioni yake sasa ndiyo aje nyumbani, na asije peke yake. Aje na mjomba wenu mkubwa, au mzee yeyote wa ukoo wenu ambaye mumeo hawezi kumfungia mlango. Mtani akivuka mpaka hutozwa faini, hilo wazee wanalijua na halihitaji hotuba. Kuku anatosha. Mumeo amtoze anachotaka, na ningefurahi akimtoza kitu cha kuchekesha, kwa mfano avae jezi ya timu ya mumeo mpaka nyumbani kwake, mchana kweupe, apitie sokoni. Watu wakimuona, mambo yatakuwa yamekwisha bila mtu kueleza chochote.

Na mumeo akikataa? Inawezekana. Mama ni mama. Basi mzee aseme jambo moja tu, na aliseme yeye, si wewe: mtoto kutoka jandoni si shughuli ya baba peke yake. Kwetu Kusini mtoto ana ukoo wa mama yake, na bega la mjomba halibadilishwi kwa sababu ya 3-1. Mumeo anaweza asiongee na shemeji yake mwaka mzima, hiyo ni haki yake. Lakini mwanao amekaa kumbini siku zote hizo akijua atatoka juu ya bega la nani, na wenzake watatoka juu ya mabega ya wajomba zao. Ukimwambia kaka asije, atakayeulizwa shuleni ni mtoto. Kwa hiyo jibu la swali lako ni hapana, usimwambie asije.

Saa hazigongani, nimezihesabu. Wali, yaani watoto wa jando, wakitolewa saa 3 asubuhi, saa 7 watu wameshakula, saa 10 kila mtu yuko uwanjani na jezi yake. Watu wa huku tumekesha kwenye ngoma tukaenda shamba asubuhi, mpira wa alasiri hautatushinda.

Jeneza la mbao ni habari nyingine, hilo limenitisha. La maboksi lilikuwa ujinga wa jioni moja. La mbao, lililolipiwa kwa fundi siku kadhaa kabla, limepigwa mahesabu. Likitua kwa kaka yako Jumapili usiku, baada ya mechi ya kupanda daraja, watu wamefurahi na wengine wamelewa, hapo pana mtu atakayeumia. Zungumza na wenyeviti wa matawi yote mawili kabla ya Jumamosi. Usiwaeleze habari za nyumbani kwako, waombe tu mwaka huu majeneza yasiingie mitaani upande wowote, waimbe, wanyooshe vidole, wapige vuvuzela mpaka masikio yazibe. Wakikataa, mwone mwenyekiti wa kitongoji. Na yule fundi kama ameshapasua mbao, mwambie atengeneze mabenchi mawili. Kwenye ngoma viti havitoshi kamwe, na hela itakuwa imerudi nyumbani.

Tubakie na mbuzi, maana huyo nimemfikiria kuliko nilivyotarajia. Dau la mbuzi wa jando mimi silijui. Mbuzi aliyekwisha kutajwa kwa ajili ya wali ni wa wali, mumeo hana zaidi ya kamba aliyomfungia. Mumeo akishakusikiliza ile siku ya kwanza, siku ya pili muulize kwa upole atawalisha nini wageni timu yake ikifungwa. Nina hakika hajawaza hivyo, maana shabiki haweki dau akiwaza kufungwa. Kama amekwisha kushikana mkono na yule mtu na anaona aibu kurudi nyuma, abadilishe dau liwe kuku, au debe la mihogo. Mwenzake atakubali, naye ana mke.

Jambo la mwisho ni udadisi wangu tu. Umeandika timu ya mume, timu ya kaka, 3-1, saa 10 alasiri, unajua mpaka kitu mshindi anachopata. Hukusema wewe unashabikia ipi. Ukiniandikia tena baada ya Jumapili, anza na mwanao alivyotoka, halafu unijibu hilo.

Shangazi