Kabla hujafuta diski, kagua mlango

Tanga ni waja leo waondoka leo. Mimi nilitoka Muheza asubuhi kwenda kwa shangazi Ngamiani nikijua jioni nimerudi, nikalala siku nne. Kisa ni kakompyuta kadogo ka steshenari yake: RAM GB 2, hifadhi GB 32 basi. Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025, nami nikaona nimwekee Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta, pembeni kwa mambo ya intaneti. Windows ibaki kwa ajili ya printa, maana programu ya ile printa ni ya Windows peke yake.

Siku mbili za kwanza zilikwenda bure. Flashi ya kusakinishia Linux, ambayo kwenye mashine yangu inawaka bila maneno, hapa haikuonekana hata kwenye menyu. Nikabadilisha flashi. Nikazima Secure Boot, ule ulinzi unaozuia mifumo isiyotambulika kuwaka. Nikapakua Linux nyingine, bando la wiki likaisha. Shangazi akapita na kikombe cha chai: "Mwanangu, umeshaiua?" Nikamwambia haijafa shangazi, imenuna tu.

Kumbe prosesa ni ya biti 64, lakini mlango wake, yaani UEFI, ile programu inayoamka kabla ya mfumo wowote, ni ya biti 32. Mashine ndogo nyingi za Intel Atom za miaka ya 2013 hadi 2015 ziko hivyo. UEFI ya namna hiyo inatafuta kwenye flashi faili liitwalo bootia32.efi. Flashi yangu ilikuwa na bootx64.efi peke yake, kwa hiyo kwake ilikuwa kama tupu. Hili ningelijua ndani ya dakika tano nikiwa bado kwenye Windows. Fungua Settings, kisha System, kisha About: ukikuta mfumo ni wa biti 32 na prosesa ni x64, halafu msinfo32, programu ya Windows ya taarifa za mashine, ikaonyesha BIOS Mode ni UEFI, jibu umeshalipata. Kisha chungulia folda ya EFI/boot ndani ya flashi yako uone kama bootia32.efi imo. Debian, watengenezaji wa aina mojawapo ya Linux, walianza kulishughulikia hili tangu toleo la 8, mwaka 2015. Faili lao la kusakinishia (ISO) lililochanganya biti 32 na 64 likawaka mara ya kwanza.

Kwenye kugawa diski nusura nifanye kioja kingine. Mazoea yalinipeleka kwenye sda, jina ambalo Linux huipa diski ya kwanza, kumbe sda ni flashi yenyewe! Hifadhi ya eMMC, ile iliyojengewa ndani ya mashine ndogo kama hii, hujitokeza kwa jina kama mmcblk0. Soma ukubwa kabla ya kubofya, na uwe na nakala ya mafaili kwingine. Mimi nilihamishia ankara zote za shangazi kwenye diski ya nje kwanza, la sivyo nisingethubutu.

Nafasi nayo ilikuwa ya kubanana. Kabla ya kupunguza partisheni (sehemu ya diski) ya Windows, fungua Command Prompt kama msimamizi, andika:

powercfg /h off

Amri hii inaua ndege wawili. Inafuta hiberfil.sys, faili linalokula nafasi kubwa kwenye diski ndogo kama hii, na inazima Fast Startup. Fast Startup ikiwa imewashwa, unapozima Windows haizimiki kikamilifu, inasinzia, na Linux inakataa kuandika kwenye partisheni yake. Inafanya vizuri kukataa.

Baada ya kusakinisha, mashine ikaenda moja kwa moja Windows kana kwamba hakuna kilichotokea. Usirudie kusakinisha. Ingia kwenye mipangilio ya UEFI, panga debian juu ya Windows Boot Manager. Kwangu menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha, ikaja, ila sasa Windows haimo! Tangu GRUB 2.06 ya mwaka 2021, kutafuta mifumo mingine kumezimwa kwa kawaida. Hakikisha os-prober, programu inayofanya utafutaji huo, imesakinishwa, ongeza mstari huu kwenye /etc/default/grub:

GRUB_DISABLE_OS_PROBER=false

kisha sudo update-grub. Ikarudi.

Nikadhani nimemaliza. Kesho yake shangazi akaniita dukani na risiti mkononi. Mteja kaja saa tano asubuhi, risiti inasema 08:00, yaani saa mbili, wakati ambao hata mlango ulikuwa haujafunguliwa. Saa tatu kamili zimepotea. Linux huiweka saa ya mashine kwa UTC, yaani saa ya kimataifa, Windows huisoma kama saa ya hapa, na sisi tuko saa 3 mbele ya UTC. Tiba ni mstari mmoja upande wa Linux:

sudo timedatectl set-local-rtc 1

Halafu rekebisha saa ya Windows mara moja. Baadaye, kila ukiandika timedatectl, Linux itakulalamikia kwamba mpangilio huu haupendezi. Iache iseme.